Nani Amemfundisha Ngege Kukaa Wima?

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanga na viumbe wa majini. Hilo ni shamba kubwa, na mtu akitaka kulilima lote kwa siku moja ataacha magugu kila mahali, kwa hiyo nimechagua kona moja. Nataka tuulizane jinsi samaki mchanga anavyopata mizani ya mwili wake, yaani uwezo wa kujua juu ni wapi na chini ni wapi, na kujirekebisha mara moja anapoyumbishwa. Na nataka tujue mwanga una sehemu gani katika kazi hiyo.

Samaki nitakayeanza naye mnamfahamu. Mvua inayonyesha kwenye vilima hivi vya Busunzu huishia Malagarasi, na Malagarasi ni mto mzee kuliko Ziwa Tanganyika. Ulikuwa ukitiririka kuelekea Kongo kabla bonde la ufa halijafunguka na ziwa kuukatiza njia, na ndiyo maana hadi leo una samaki ambao ndugu zao wa karibu wako Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mto huu una ngege wake pia. Ethelwynn Trewavas, bingwa wa samaki wa makumbusho ya London, alimpa jina la kisayansi mwaka 1983: Oreochromis malagarasi. Kwa asili hapatikani pengine ila katika bonde hili.

Ngege wa jamii ya Oreochromis wana tabia moja mnayoijua. Jike akishataga, huyakusanya mayai kinywani. Mayai huanguliwa humo humo, na vifaranga huendelea kukaa humo mpaka kiini cha yai walichobakiza tumboni kimekaribia kwisha. Kwa kawaida ni siku kumi hadi wiki mbili, kutegemea joto la maji. Muda wote huo mama hali, au anakula kidogo sana, na kila mara anatafuna-tafuna bila kutafuna: anayageuzageuza mayai na watoto ili maji mapya yawapitie. Sasa mfikirieni huyo kifaranga. Amezaliwa mahali ambapo mwanga ni hafifu, hakuna upeo wa maji wa kuutazama wala sakafu iliyotulia. Anapinduliwa mchana na usiku. Kisha siku moja mama anafumbua kinywa, na kundi zima linatoka kama vumbi jeusi majini, migongo juu, matumbo chini. Hatari ikitokea wanakimbilia kinywani tena, kwa mstari ulionyooka, bila kuyumba.

Nani amewafundisha?

Jibu ambalo wengi wetu tungelitoa haraka ni kwamba wanajifunza kwa kuona. Kifaranga anatoka, anaona anga liko juu na tope liko chini, anakosea, anajirekebisha, anazoea. Jibu hilo lina busara, na wanasayansi wengi walilishikilia kwa miaka mingi. Lakini ni jibu lililohitaji kupimwa, na lilipopimwa lilitoka na sura nyingine kabisa.

Tuanze na sikio. Samaki hana ndewe wala tundu la sikio mnaloweza kuliona, lakini ndani ya fuvu, nyuma kidogo ya macho, ana masikio mawili kamili. Kila sikio lina vijiwe vitatu vya chokaa, na kila kijiwe kimelala juu ya tandiko la seli zenye vinyweleo. Kijiwe ni kizito kuliko maji na nyama inayokizunguka. Mwili ukiinama, kijiwe kinateleza kidogo kuelekea chini, vinyweleo vinapinda, na neva inapeleka habari ubongoni. Kati ya vijiwe hivyo vitatu, kimoja ndicho chenye kazi kubwa ya mizani. Mwaka 2000, Bruce Riley na Stephen Moorman walionyesha kwamba vifaranga wanaokosa kijiwe hicho hushindwa kujaza hewa kwenye pulizo lao, ule mfuko wa hewa wa kuelea, na hufa, ilhali wale wanaokosa kile kikubwa kinachohusika zaidi na kusikia huweza kuishi. Kifaranga hujaza pulizo kwa kupanda juu na kugugumia hewa. Asiyejua juu ni wapi hafiki.

Kijiwe cha sikio kina jambo jingine ambalo halihusu mizani moja kwa moja, lakini siwezi kuliruka. Kinaongezeka kila siku, na ukikikata na kukisugua mpaka kiwe chembamba, chini ya darubini utaona pete, pete moja kwa siku. Giorgio Pannella ndiye aliyezitangaza pete hizo mwaka 1971, na leo watafiti wa uvuvi huzihesabu ili kujua samaki ana umri wa siku ngapi. Miaka kumi baadaye, Wajapani watatu, Tanaka, Mugiya na Yamada, walifuga vifaranga wa perege wa mto Nile chini ya taa zilizowashwa na kuzimwa kwa saa maalumu, na wakaona kwamba mjengo wa pete hufuata mpangilio wa mwanga na giza. Kwa hiyo kucha na kuchwa kwa jua kumeandikwa ndani ya kijiwe chenyewe. Lakini kuandikwa siku ni kazi moja, na kumweka samaki wima ni kazi nyingine, na hatuna budi kuzitenganisha.

Habari inayotoka kwenye kijiwe huenda sehemu mbili. Inakwenda kwenye mkia na mapezi, ili mwili ujirekebishe, na inakwenda kwenye macho. Hii ya macho ndiyo iliyochunguzwa zaidi, kwa sababu ni rahisi kuipima. Samaki hana shingo, hawezi kuinua kichwa peke yake. Mwili ukiyumba, picha yote anayoiona ingeyumba nao, na kiumbe anayewinda vijidudu vidogo kuliko punje ya mchanga asingeona kitu. Dawa yake ni macho kuzunguka kinyume cha mwili. Mshikeni ngege aliyetoka kuvuliwa, mmlaze ubavu pole pole, mtazame jicho. Halifuati mwili. Linang'ang'ania pale lilipokuwa. Hakuna uamuzi ndani yake: ni mwitiko usio wa hiari, wa kijiwe, neva chache na misuli ya jicho. Sisi pia tunao, na ndio unaowawezesha ninyi kusoma kibao cha barabarani mkiwa juu ya pikipiki ya kwenda Kibondo.

Hapo mwanga haujaingia bado. Aliyeuingiza kwa namna ya kupimika ni Mjerumani Erich von Holst, aliyeanza kazi hiyo katika miaka ya 1930. Alichukua samaki wa tangi wenye mwili mwembamba na mrefu kwenda juu, ambao hata wakiinama kidogo inaonekana, akazima taa ya juu, akawasha taa ya ubavuni. Samaki waliinama. Migongo yao ilielekea taa. Lakini hawakuinama mpaka mwisho. Walisimama katikati, mshazari, na wakabaki hivyo muda wote taa ilipowaka.

Von Holst alielewa kwamba ubongo wa samaki umekaa kama mzee wa baraza mbele ya mashahidi wawili. Kijiwe kinatoa ushahidi wake: uzito unavuta huku, basi juu ni kule. Jicho linatoa wake: mwanga unatoka ubavuni, basi juu ni ubavuni. Majini, kwa mamilioni ya miaka, mashahidi hao wamekuwa wakikubaliana, kwa kuwa jua halijawahi kuwaka kutoka chini. Taa ya von Holst iliwagombanisha, na mzee akatoa hukumu ya katikati.

Kilichonivutia mimi katika kazi yake ni jinsi alivyoendelea kuuliza uzito wa kila ushahidi. Aliongeza nguvu ya taa, na samaki wakainama zaidi. Aliwaweka kwenye mtambo unaozunguka, ambao huongeza uzito wa kila kitu kilichomo, kijiwe kikazidi kuwa kizito, na mwinamo wa samaki ukapungua, wakakaribia wima: ushahidi wa kijiwe ulikuwa umepata nguvu. Aliviondoa vijiwe vyote viwili vya mizani, na samaki akawa mtumwa wa taa. Ukiiweka chini ya tangi, anaogelea tumbo juu bila wasiwasi. Halafu likatokea ambalo sidhani mtu angelibashiri. Samaki mwenye njaa aliyehisi chakula kiko karibu aliinamia taa zaidi kuliko aliyeshiba. Njaa ilikuwa imeongeza thamani ya macho. Maana yake ni kwamba mizani ya samaki haikuchongwa mara moja ikaisha. Inapimwa upya kila saa kulingana na shughuli aliyonayo.

Sasa, mtu akitaka kujua jicho lingefanya nini likiachwa peke yake bila kukata sikio la samaki, inabidi aende mahali ambapo kijiwe hakina uzito. Mahali hapo pamepatikana. Mwaka 1973 Wamarekani walirusha samaki wawili wa pwani ya Atlantiki na mayai hamsini kwenye kituo chao cha anga, Skylab. Wale wakubwa walipofikishwa huko walianza kupiga pindu, kichwa kikifuata mkia, kama waliopagawa. Kijiwe kilikuwa kinaelea, hakisemi lolote la maana. Kufikia wiki ya tatu au ya nne walikuwa wametulia, wakiogelea migongo ikiwa imeelekea taa ya chombo. Ila mfuko wao ukitikiswa, walirudia kupiga pindu. Mayai karibu yote yaliangulika, na vifaranga hao waliozaliwa bila kuujua uzito waliogelea vizuri tangu mwanzo. Wajapani nao, mwaka 1994, walichagua samaki wanne wadogo wa mashamba ya mpunga wa ukoo ambao haukuwa na tabia ya kuzunguka, wakawarusha kwa chombo cha anga cha Columbia, na wanne hao wakataga na kuzaa huko huko angani.

Lakini aliye karibu zaidi na sisi ni perege wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, binamu wa ngege wetu wa Malagarasi na mlezi wa kinywani kama yeye. Vifaranga wake walipanda Columbia tarehe 26 Aprili 1993, katika safari iliyoandaliwa na Wajerumani, wakarudi tarehe 6 Mei. Wengine walirushwa tena mwaka 1997. Eberhard Horn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ulm walikuwa wakiwapima ule mwitiko wa macho niliowaeleza. Waliwagawa kwa umri. Wale ambao mwitiko wao ulikuwa haujaanza kabla ya kurushwa, waliporudi ulikuwa umekua kama wa wenzao waliobaki duniani. Wale ambao tayari walikuwa nao walirudi nao ukiwa na nguvu kupita kiasi, kana kwamba ubongo, baada ya kukaa siku kadhaa bila kusikia lolote kutoka kwenye kijiwe, ulikuwa umetega sikio zaidi. Na waliowekwa duniani kwenye mtambo wa kuongeza uzito mara tatu, mwitiko wao ulipungua.

Tulieni hapo kidogo, kwa maana matokeo hayo yana jambo lililojificha. Kama mizani ingekuwa somo linalofundishwa na uzoefu, basi mchanga kabisa, ambaye hajawahi kuonja uzito, ndiye angeharibikiwa zaidi. Imekuwa kinyume. Aliyekwisha kuwa na mwitiko ndiye aliyebadilishwa.

Hayo yalihusu uzito. Kuhusu mwanga, jibu la wazi lilikuja Januari 2025, katika jarida la Science. Limetoka kwa Paige Leary, David Schoppik na wenzao wa New York. Samaki wao si ngege. Ni danio, kisamaki chenye mistari kutoka mito ya India, ambacho kifaranga wake ni mwangavu kiasi kwamba unaweza kuona neva zikifanya kazi ndani ya kichwa kilicho hai. Mwitiko wa macho wa danio huanza karibu siku ya tatu baada ya yai kurutubishwa na huimarika kwa siku zinazofuata. Siku hizo ndizo kifaranga anapoanza kuona, anapojaza pulizo, anapoanza kuwinda. Kila kitu kinaelekeza kidole kwenye uzoefu: anaona, anakosea, anajirekebisha, mwitiko unaimarika.

Watafiti wakachukua danio waliozaliwa vipofu. Wakawainamisha gizani, wakapiga picha za macho kwa mwanga ambao jicho haliuoni. Vipofu walituliza macho yao sawasawa na wenzao wanaoona. Wakaenda mbele: wakapima neva za ubongo zinazopokea habari za kijiwe, wakakuta zimekomaa mapema, kabla ya mwitiko wenyewe kukomaa. Basi kilichokuwa kinachelewa ni nini? Walikikuta mwishoni kabisa mwa mstari, pale neva inapogusana na msuli wa jicho. Viungo hivyo vya neva na msuli vilikuwa vikikomaa kwa mwendo ule ule wa mwitiko. Ubongo ulikuwa tayari unatoa amri, msuli ulikuwa haujaweza kuipokea vizuri.

Likabaki swali la kijiwe chenyewe, nalo wakalijibu kwa samaki ambao hawajawahi kuhisi kuinama maishani mwao, lakini ambao viungo vyao vya neva na msuli vilikuwa vimepata muda wa kukomaa. Siku walipoweza kuhisi kwa mara ya kwanza, mwitiko ulikuwepo, imara, bila mazoezi.

Nimesoma kazi nyingi za aina hii, na naiweka hii mbele, kwa sababu ilihamisha swali kutoka mahali kila mtu alipokuwa akitazama. Tulikuwa tukibishana kama mwalimu ni jicho au ni sikio, na kumbe kilichokuwa kinasubiriwa ni msuli. Na turudi sasa kinywani mwa mama ngege. Giza lile, na kule kupinduliwa, havimnyimi kifaranga kitu alichokuwa anakihitaji ili mwitiko wake ujengeke. Wafugaji wakubwa wa perege wamelithibitisha jambo hilo bila kukusudia. Katika vituo vya kutotolesha vifaranga, mayai hutolewa kinywani mwa mama na kuwekwa kwenye mitungi inayopitishiwa maji, mahali penye mwanga kuliko kinywani. Wanatoka wima. Wa kinywani wanatoka wima. Kama mwanga wa siku za mwanzo ungekuwa ndio unaojenga mizani, tungeona tofauti kati ya makundi hayo mawili kwenye kila bwawa.

Je, mwanga hauna kazi, basi? Unayo, tena nzito, lakini inakuja baadaye.

Tazameni viumbe wengine. Mwaka 1981 Laurence Harris na Max Cynader walieleza habari za paka waliolelewa gizani: mwitiko wao wa macho kichwa kinapozungushwa ulikuwa upo, lakini dhaifu kuliko wa paka wa kawaida. Geoffrey Melvill Jones na mwenzake Gonshor, huko Montreal, waliwavalisha watu miwani ya vioo inayogeuza kushoto kuwa kulia, kwa wiki kadhaa. Mwanzoni watu hao walisikia kichefuchefu na kupepesuka. Baadaye macho yao yakaanza kujibu kwa mwelekeo uliogeuzwa, hata walipopimwa gizani. Samaki wa dhahabu wa kwenye matangi nao wamefanyiwa jaribio la aina hiyo: ukimzungusha samaki huku ukizungusha picha zinazomzunguka kwa kasi tofauti, baada ya saa chache mwitiko wake unaongezeka au kupungua kufuata picha. Ubongo mdogo, ule wa nyuma ya kichwa, unalinganisha habari. Picha ikiteleza machoni ilhali ilipaswa kutulia, basi kipimo kimekosewa, na kipimo kinasogezwa.

Kwa hiyo naona kazi mbili ambazo tumezoea kuzichanganya. Ya kwanza ni kuunganisha kijiwe, neva na msuli, na hiyo inafanyika gizani kwa ratiba ya mwili wenyewe. Ya pili ni kusahihisha kipimo, na hapo ndipo mwanga unapotawala, siku zote za maisha, kwa sababu samaki anakua, kichwa kinapanuka, misuli inanenepa, na kipimo cha jana kinapitwa na wakati. Von Holst alikuwa ametazama kazi ya pili akiwa na samaki waliokwisha kukua. Vifaranga wa Columbia waliokuwa tayari na mwitiko walikuwa wameingia kazi ya pili. Ndiyo maana waliweza kubadilishwa.

Na kuna sehemu ya sikio ambayo hata ratiba yake inachelewa mno. Mbali na vijiwe, sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara inayohisi mzunguko wa kichwa. Katika kifaranga mifereji hiyo ni myembamba kiasi kwamba maji ya ndani hayasogei ya kutosha. Danio anahitaji karibu mwezi mzima wa kukua ndipo mwitiko wa mzunguko uonekane. Kabla ya hapo anaishi kwa vijiwe na macho tu.

Mtu anaweza kuniuliza: vipi wale wanaoogelea tumbo juu? Swali zuri, na jibu lake liko karibu. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika wapo samaki wadogo wa jamii ya Julidochromis wanaokaa mapangoni. Mkiwatazama chini ya dari ya jiwe mtawaona wamegeuza matumbo kuelekea jiwe, hata ikibidi wawe wamepinduka. Kwao yupo shahidi wa tatu, ukuta wa jiwe, ambaye tumbo linamfuata. Na kule Kongo yupo ndugu wa gogogo, Synodontis nigriventris, ambaye maisha yake mengi huogelea chali. Tumbo lake ndilo jeusi na mgongo ndio uliopauka, kinyume cha samaki wengine. Sikio lake ni zima. Hukumu tu ndiyo tofauti.

Walimu wa sayansi, jaribio la von Holst mnaweza kulifanya bila maabara. Chukueni chupa pana ya kioo yenye pande bapa, maji ya bwawa lenyewe, na vifaranga wachache wa ngege wenye urefu wa ukucha au zaidi. Wafunikeni gizani watulie. Kisha zimeni kila mwanga wa juu, washeni tochi kutoka ubavuni, na mmoja wenu awatazame kwa mbele, uso kwa uso, kwa kuwa ukiwatazama kwa ubavu hutaona kuinama. Baadhi watainama zaidi, baadhi kidogo. Hamisheni tochi upande wa pili. Kisha iwekeni juu. Wanafunzi wachore pembe wanazoziona, na siku nyingine warudie kwa vifaranga waliokosa chakula cha asubuhi na kwa walioshiba, walinganishe michoro. Maji yakianza kupata joto la mikono na tochi, rudisheni samaki bwawani.

Nimalizie na jambo ambalo huulizwa kila ninapogusa mada hii mbele ya watu wenye ndugu Kigoma mjini au Ujiji: je, taa za wavuvi zinaharibu mizani ya dagaa? Kabla ya karabai wavuvi wa Tanganyika walichoma kuni juu ya mitumbwi na kuchota dagaa kwa wavu wa lusenga. Zikaja karabai, sasa ni taa za betri na za sola. Dagaa hukaa kilindini mchana na kupanda usiku, na taa huwakusanya. Ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, kwani nuru imetapakaa kila mahali na taa haina mvuto. Lakini taa ya mtumbwini iko juu ya maji. Inasema kile kile kinachosemwa na kijiwe: juu ni huku. Dagaa anayeifuata yuko wima kabisa mpaka anapoingia wavuni. Taa inayozamishwa majini ndiyo inayoweza kuwagombanisha mashahidi, na hata hapo samaki atakuwa ameinama kwa muda tu ule taa inapowaka. Hatari ya taa kwa dagaa ipo kwenye wingi wanaovuliwa, wakiwemo wachanga, na kwa sababu hiyo ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024.